Meli za Lisbon na mpaka wetu wa Ruvuma

Ukifika mdomo wa Ruvuma, kusini ya Msimbati, ukatazama ng'ambo, utaona mikoko ileile, mchanga uleule, na wavuvi wanaoitana kwa Kimakonde kutoka kingo mbili. Ng'ambo ni Msumbiji. Wengi wetu hapa Mtwara tunaamini kwamba mto ndio uliochora mpaka huo. Sivyo. Hadi mwaka 1916 kipande cha ng'ambo ile, Kionga, kilikuwa cha Mjerumani sawasawa na Mikindani na Lindi. Alikitwaa mwaka 1894 na akakaa nacho zaidi ya miaka 20. Kilichokirudisha kwa Mreno ni ugomvi wa meli, tena meli zilizotia nanga mbali kabisa na hapa, kwenye mto Tagus, Lisbon.

Nimeanzia huko kwa makusudi. Tangu meli zilipoanza kukamatwa Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, kila kijiwe cha kahawa mjini kina mahakama yake. Upande mmoja unasema kukamata meli ya mfanyabiashara asiyekuwemo vitani ni uharamia mtupu. Upande wa pili unasema vita ni vita, aliyepita njia ya moto asilalamike kuungua. Wote wanaliruka swali ambalo mimi naliona kubwa kuliko hayo: meli ikishakamatwa, nani anapiga kelele, na kelele zake zina uzito gani? Sheria ipo, nitaigusa, lakini ni sheria yenye usingizi mzito. Huamka pale anapotokea mwenye bendera wa kuiamsha, na bendera nyingi za siku hizi hazina mwenyewe.

Turudi Lisbon. Vita vilipoanza mwaka 1914, meli nyingi za biashara za Ujerumani zilikimbilia bandari za nchi zisizokuwa vitani zisije zikanaswa na manowari za Mwingereza. Kadhaa zikajikuta Ureno na kwenye makoloni yake, Msumbiji ikiwemo. Zikakaa humo mwaka na nusu zikiota kutu. Ureno nayo ilikuwa na msimamo wa ajabu: haikutangaza kuwa haina upande, wala haikuingia vitani. Ilisema tu kwamba inaheshimu urafiki wake wa kale na Uingereza, urafiki wenye mkataba wa mwaka 1373. Kufikia mwanzo wa 1916 nyambizi za Kijerumani zilikuwa zimeshakula meli nyingi za Mwingereza. London ikawa na njaa ya vyombo, ikamwomba rafiki yake azichukue zile zilizolala. Tarehe 23 Februari wanamaji wa Ureno wakapanda meli zilizokuwa Tagus, zaidi ya 30, wakashusha bendera ya Kijerumani na kupandisha yao. Zikafuata za bandari nyingine mpaka jumla ikakaribia 70. Lisbon ikasema inazitwaa kwa mahitaji ya taifa na fidia itazungumzwa. Berlin ikasema mkataba umevunjwa, na tarehe 9 Machi 1916 ikatangaza vita.

Sasa pima. Agosti 1914 kikosi cha Kijerumani kilikivamia usiku kituo cha Mreno cha Maziúa, hapohapo kwenye Ruvuma, kikaua watu na kukichoma. Berlin ikaomba radhi, yakaisha. Desemba mwaka huohuo, Naulila, kusini mwa Angola, majeshi ya nchi hizo mbili yalipigana pigano kamili, Wareno wengi wakafa, na bado hakuna aliyetangaza chochote. Maiti zilivumilika. Meli hazikuvumilika.

Bili ya meli hizo ililetwa huku kwetu. Tarehe 10 Aprili 1916, mwezi mmoja tu baada ya tangazo, Wareno wakaingia Kionga. Mei wakajaribu kuvuka Ruvuma wakapigwa. Septemba wakafaulu, Oktoba wakafika Newala, wakazingirwa, na Novemba wakarudi ng'ambo mbio. Mwaka uliofuata ndio ule wa Mahiwa, Lindi, pigano ambalo wazee wa Nyangao walilisimulia kwa vizazi, na Novemba 1917 von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Mjerumani huku, akavuka mto na kuihamishia vita yake Msumbiji. Wapagazi walichukuliwa, maghala yakakombwa, na njaa ikaja nyuma ya majeshi kama kawaida yake. Sisemi kwamba bila zile meli vita visingefika kusini. Vingefika, Mwingereza alikuwa njiani. Lakini upande wa Mreno wa vita hivyo, na mstari tunaouvuka leo tukienda kuwaona ndugu, ulianzia kwenye gati la Lisbon. Mwaka 1919 wakubwa waliokaa Paris wakamthibitishia Mreno Kionga, na mto ukawa mpaka hadi baharini.

Kuna kichekesho kidogo ndani yake. Moja ya meli zilizotwaliwa ilikuwa Zieten, meli ya barua ya Kijerumani iliyokuwa imejificha Msumbiji. Wareno wakaibatiza Tungue, jina la ghuba ya Palma, hapo jirani. Mwaka 1917 nyambizi ya Kijerumani ikaizamisha Bahari ya Kati. Mjerumani kazamisha meli ya Mjerumani yenye jina la kwetu.

Lisbon ilikuwa kisa cha asiye vitani kutwaa meli za aliye vitani. Mara nyingi huwa kinyume chake, na hapo ndipo kijiwe kinapokosea kuhusu uharamia. Kwa sheria ya kale ya bahari, ambayo haijafutwa, nchi iliyo vitani inaruhusiwa kusimamisha meli ya biashara ya nchi isiyo na upande ikiwa nje ya maji ya nchi hizo, kuipanda, kukagua hati zake, na kuipeleka bandarini kama ina shaka nayo. Azimio la Paris la 1856 liliweka mipaka: bendera isiyo na upande inailinda hata mali ya adui, isipokuwa magendo ya vita, yaani shehena ya kumsaidia adui kupigana. Kisha mahakama ya nyara ndiyo huamua kama ukamataji ulikuwa halali. Mwenye manowari hajitwalii, au hatakiwi kujitwalia. Kwa hiyo kusimamishwa peke yake si kosa. Ugomvi uko kwenye maneno mawili: magendo ni nini, na mzigo unakwenda kwa nani.

Chukua mfuko wa salfa. Mkulima wa Tandahimba au Ruangwa ataupokea akiwaza ubwiri unga tu, maana mkorosho ukitoa maua bila salfa ni hasara. Lakini kwenye orodha nyingi za kale za magendo ya vita, salfa na shura zilikuwa mle, kwa kuwa ndizo zinazotengeneza baruti. Salfa nyingi ya leo ni masalia ya kusafisha mafuta na gesi, na nchi za Ghuba ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Mfuko mmoja, dawa ya mkorosho kwa huyu, baruti kwa yule, na anayeamua ni ofisa kijana wa manowari aliyeshika manifesti yenye madoa ya chai. Ndiyo maana nasema hati ya shehena ina nguvu kuliko hotuba ya balozi. Ikiandikwa hovyo, hata balozi mzuri anaanza mechi akiwa nyuma bao moja.

Swali la mzigo kwenda kwa nani ndilo lililowasha ugomvi wa Bundesrath, na huo ndio ninaoupenda kuliko yote kwa sababu ulitokea kwenye bahari yetu hii. Bundesrath ilikuwa meli ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1890 kwa ruzuku ya serikali ya Berlin, kampuni ambayo meli zake ndizo zilizoifungamanisha pwani hii na Hamburg. Oktoba 1899 vita vya Mwingereza na Makaburu vilianza. Makaburu hawakuwa na bahari, ila walikuwa na reli kutoka Pretoria hadi Lourenço Marques, Maputo ya leo, bandari ya Mreno asiyekuwemo vitani. Mwingereza akaona mlango wa nyuma uko wazi. Tarehe 29 Desemba manowari yake Magicienne ikaikamata Bundesrath na kuipeleka Durban, kwa madai kwamba imebeba silaha na watu wa kwenda kupigana. Siku chache baadaye ikakamatwa nyingine ya kampuni hiyo, Herzog, na ya tatu, General, ikapekuliwa Aden, maelfu ya kilomita kutoka uwanja wa vita.

Berlin ikafoka: meli inayokwenda bandari isiyo na upande haiwezi kubeba magendo, bandari yenyewe ndiyo mwisho wa safari. Lord Salisbury, Waziri Mkuu wa Uingereza, akajibu kwamba mwisho wa safari ni pale mzigo unapoliwa, si pale unaposhushwa. Akakumbusha kwamba Wamarekani walihukumu hivyo kwenye vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, na kwamba mwaka 1896 Italia ilifanya hivyohivyo na meli ya Uholanzi, Doelwijk, iliyokuwa ikipeleka bunduki Djibouti za kwenda kwa Menelik, mfalme wa Ethiopia, miezi michache baada ya Italia kuchapwa naye Adwa. Kisheria Salisbury hakuwa na hoja dhaifu. Lakini Bundesrath ilipopekuliwa, hakikutoka kitu. Januari 1900 ikaachiwa, Bülow, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, akasimama bungeni Berlin kumsuta Mwingereza, na London ikakubali fidia pamoja na kutopekua tena meli Aden au mahali pengine palipo mbali namna hiyo na vita.

Linganisha na Doelwijk. Hiyo silaha zilikuwemo kweli, nakubali, kwa hiyo mizani haiko sawa kabisa. Mahakama ya nyara ya Roma ilisema ukamataji ulikuwa halali, na kilichoiokoa meli na shehena ni kwamba Italia na Menelik walikuwa wameshapatana Oktoba 1896. Uholanzi haikuwa na manowari za kumtisha mtu. Ujerumani ya 1900 ilikuwa nazo, na ilitaka ziongezeke: Tirpitz, waziri wake wa majini, aliushangilia mkasa wa Bundesrath kama mvua ya kwanza ya masika. Juni mwaka huo bunge likapitisha sheria ya kuongeza meli kubwa za kivita kutoka 19 hadi 38. Kukamatwa kwa meli moja ya barua kukawa mbolea ya mashindano ya manowari yaliyoishia 1914. Mwingereza alikosea hesabu. Alipekua meli, akampa jirani hoja ya kujenga manowari 19.

Kwa wanaoamini mahakama kuliko manowari, kipo kisa cha Carthage. Januari 1912 Italia, ikipigana na Waturuki, iliikamata meli hiyo ya Kifaransa ikiwa njiani kwenda Tunis na ndege moja ndani. Wakapelekana The Hague, na mwaka 1913 Italia ikaambiwa ilipe faranga 160,000 za hasara. Ufaransa ilidai pia faranga 1 kwa kutukanwa bendera yake. Haikupewa: majaji walisema kutamkwa kwamba Italia imekosea kunatosha. Naipenda sana ile faranga 1. Nchi iliyodai faranga moja ilikuwa inasema hadharani kwamba kilichoguswa ni chake.

Sasa uje kwenye zama zetu, uulize kilichoguswa ni cha nani. Tarehe 19 Novemba 2023 Wahuthi, wapiganaji wa Yemen, waliikamata meli ya Galaxy Leader wakishuka juu yake kwa helikopta. Bendera ilikuwa ya Bahamas. Umiliki ulielekezwa kwa tajiri wa Israel. Iliyokuwa ikiiendesha ni kampuni ya Japani. Ilikuwa inatoka Uturuki kwenda India. Mabaharia 25 walitoka Ufilipino, Bulgaria, Ukraine, Romania na Mexico. Nani afoke? Japani ililaani, Bulgaria na Ufilipino zikahangaika kwa ajili ya watu wao, Bahamas haikusikika sana. Na hata aliyefoka alimfokea nani, kama aliyekamata si serikali inayotambuliwa na wengi? Mabaharia wale walikaa mateka miezi 14. Waliachiwa tarehe 22 Januari 2025 kupitia Oman, baada ya kusitishwa mapigano Gaza, yaani kwa jambo ambalo halikuwa na uhusiano wowote na hati za meli yao.

Aprili 2024 Iran ikaikamata meli ya MSC Aries karibu na mlango bahari wa Hormuz. Bendera ya Ureno, na historia haina haya. Lisbon ikamwita balozi wa Iran. Lakini sauti iliyopenya haraka ilikuwa ya India, iliyokuwa na raia 17 kati ya mabaharia 25. Hapo naona mabadiliko ambayo wachambuzi wengi hawayapi nafasi: bendera imefifia, na anayesikilizwa leo ni mwenye watu ndani ya meli. Ufilipino na India zimepata uzito baharini kwa kutoa mabaharia, si kwa kusajili meli. Sisi vijana wetu wa pwani wanaopata kazi melini ni wachache, na hilo nalo lina bei yake.

Nchi yetu iko wapi katika haya? Haipo nje, kama tunavyopenda kujidanganya. Mwaka 2012 iligundulika kwamba meli za mafuta za Iran, zikikwepa vikwazo, zilikuwa zinapeperusha bendera ya Tanzania kupitia sajili ya Zanzibar, iliyokuwa imekabidhiwa wakala huko Dubai. Mbunge wa Marekani akamwandikia Rais Kikwete, meli 36 zikafutwa, mkataba na wakala ukavunjwa. Januari 2018 Ugiriki ikaikamata Andromeda, bendera yetu tena, ikiwa na vifaa vya kutengenezea milipuko vya kwenda Libya, nchi yenye vita na marufuku ya silaha. Meli nyingine ya bendera hiyohiyo ilikuwa imenaswa na dawa za kulevya upande wa Karibi. Rais Magufuli akaagiza uchunguzi, na Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, akatangaza kwamba meli 470 zitachunguzwa. Huwezi kukodisha bendera kwa kila mpita njia halafu siku ya siku uidai faranga 1. Utadai kwa uso gani?

Na Mtwara hasa? Bandari hii ilijengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Mwingereza uliokufa kabla gati halijafunguliwa mwaka 1954. Leo inaishi kwa korosho, zinazokwenda India na Vietnam, ambazo hazipiti Bahari ya Shamu, kwa hiyo tusitiane hofu isiyo na msingi. Tena mkulima huuza mnadani kupitia stakabadhi ghalani: meli ikikamatwa baada ya hapo, hasara ya kwanza ni ya mnunuzi. Hasara ya pili ndiyo yetu, maana mnunuzi aliyeungua huja msimu unaofuata na bei ya woga. Na salfa inayoingia haina mnunuzi wa kuibebea hasara. Msimu mmoja nilimsindikiza jamaa yangu mwenye mikorosho kuulizia salfa iliyochelewa. Tulipouliza meli ni ya nani, watu watatu wa ofisi moja walitupa nchi tatu tofauti, na wote watatu, kwa namna yao, walikuwa sahihi.

Lipo jambo jingine nalisema polepole. Mtwara inafanana na Lourenço Marques ya 1899 kuliko tunavyotaka kukiri: bandari ya nchi tulivu, jirani na ardhi yenye mapigano tangu 2017, mlango wa shehena za nchi nyingine kupitia ushoroba. Vita vya ndani kama vya Cabo Delgado havimpi yeyote haki ya kupekua meli zetu baharini, na Msumbiji ni rafiki. Lakini kusini hii iliwahi kuwa mlango wa nyuma: FRELIMO ilipopigana na Mreno, kambi yake kubwa ilikuwa Nachingwea, na hoja ya Salisbury kwamba mwisho wa safari ni pale mzigo unapoliwa ingeweza kabisa kutolewa dhidi yetu. Dawa yake si manowari, hatuna na hatutakuwa nazo za kutisha mtu. Ni karatasi safi: hati ya shehena inayotaja mpokeaji wa kweli, sajili ya meli isiyo na aibu, na ofisa wa ubalozi anayejua ni nani wa kumpigia simu Muscat, Oman, usiku.

Majuzi nilikuwa Shangani jioni, meli ya makontena ikigeuka kutoka ghubani. Nyuma yake kuliandikwa Majuro. Kijana wa kuli aliyekuwa anakunywa maji ya dafu kando yangu akaniuliza Majuro ni wapi. Nikamwambia ni mji wa Visiwa vya Marshall, katikati ya Pasifiki, vina watu wachache kuliko wilaya yetu. Akauliza kama meli ile imewahi kufika huko. Nikasema sidhani. Akafikiri kidogo, akatupa dafu, akasema: "Basi, bro, na sisi tuwauzie jina la Mikindani."